Mwenye Macho Huambiwa Tazama

Wahenga walisema ya kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hatuna nia ya kubishana nao, kwani katika mambo ya shamba, soko na barabara neno lao ni la kweli. Lakini iko kazi moja iliyozaliwa baada yao, ambayo shughuli yake yote ni kumwambia mwenye macho atazame nini, atazame kwa muda gani, na akishatazama hicho macho yake yahamie wapi. Kazi hiyo ni sinema. Tena humwambia bila ya kumtamkia neno, hata mtazamaji akaondoka akidhani kwamba yote aliyoyaona ameyaona kwa hiari yake mwenyewe.

Zamani mtu alizifuata picha hizi katika jumba la sinema, akalipa kiingilio, akakaa gizani pamoja na wenzake. Siku hizi picha ndizo zinazomfuata mtu: nyumbani katika televisheni, mtaani katika kibanda cha video, na njiani katika simu aliyoitia mfukoni. Kwa sababu hiyo twaona yafaa leo tueleze baadhi ya njia ambazo watengenezaji wa filamu huzitumia ili kusimulia kwa picha. Hatuelezi kwa faida ya wale wachache wanaotaka kuishika kazi hiyo tu, bali kwa faida ya kila mfanyakazi na kila mkulima anayetazama. Asiyejua mizani inavyofanya kazi hawezi kujua ni siku gani amepunjwa.

KAMERA ILISIMAMA NJE YA LANGO

Tarehe 28 Desemba mwaka 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mojawapo ya picha hizo ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon. Picha yenyewe haikutimia hata dakika moja. Lango lafunguliwa, wanawake na wanaume wanatoka kwa wingi, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli, kisha basi.

Wafanyakazi wa leo yawapasa walijue jambo hilo, ya kuwa katika picha za mwanzo kabisa zilizoonyeshwa hadharani waliopigwa picha walikuwa wafanyakazi wenzao. Lakini yawapasa pia wajue ya kuwa kiwanda kile kilikuwa mali ya akina Lumière wenyewe. Mwenye kamera ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda. Kamera yake ilisimama nje ya lango, ikawaona watu waliokwisha kuacha kazi. Haikuiona kazi yenyewe, wala saa zake, wala ujira wake. Hatusemi kwamba akina Lumière walikusudia kuficha neno. Mashine za siku zile zilihitaji mwanga wa jua, na jua lilikuwa nje. Hata hivyo matokeo yake ni yale yale: kila picha ina mahali iliposimamia, na mahali hapo pamekwisha kuamua kitakachoonekana na kitakachobaki nyuma ya ukuta.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kusimulia kwa picha, nayo ni kuchagua mahali pa kamera. Ikiwekwa chini ikamtazama mtu kwa juu, mtu yule huonekana mkubwa na mwenye nguvu. Ikiwekwa juu ikamtazama kwa chini, huonekana mdogo na mnyonge. Ikikaa mbali, mtu ni mmoja katika wengi, sawa na mti katika msitu. Ikisogea karibu mpaka uso wake ukalijaza pazia lote, hapo hatuoni tena umati, bali twaona moyo wa mtu mmoja, na twaanza kumhurumia au kumchukia.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne. Jina lake ni neno la Kiswahili, Hatari!, na sehemu kubwa yake ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika. Ni kisa cha watu wanaokamata wanyama wa mwituni ili wapelekwe katika bustani za wanyama. Picha za kuwafukuza vifaru na twiga kwa magari zinasisimua kweli kweli, na hatuwezi kuwanyima sifa walioyahatarisha maisha yao kuzipiga. Lakini angalia kamera ilipo. Imepanda gari pamoja na wawindaji wa kigeni. Furaha yao ndiyo furaha yetu, na hofu yao ndiyo hofu yetu. Wenyeji wa nchi wanaonekana pembezoni, wakitumwa na kupita. Jina ni letu, na nchi ni yetu, lakini macho ni ya mgeni. Hakuna aliyetamka neno la dharau. Mahali pa kamera palitosha.

USO MMOJA, MIOYO MITATU

Njia ya pili ni kuunganisha. Filamu haitengenezwi kwa kipande kimoja kirefu kama kitambaa kinavyotoka kiwandani, bali hushonwa kwa vipande vingi, na maana yake hukaa katika mshono.

Karibu mwaka 1920, mjini Moscow, mwalimu wa sinema aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo lingali likifundishwa mpaka leo, na mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin ndiye aliyelisimulia. Kuleshov alichukua kipande cha picha ya uso wa mwigizaji mashuhuri, Ivan Mozzhukhin. Uso ule ulikuwa umetulia, hauchekI wala haununi. Akakiunganisha kipande hicho mara tatu: mara ya kwanza na picha ya bakuli la supu, mara ya pili na picha ya mwanamke aliyekufa akiwa katika jeneza, na mara ya tatu na picha ya mtoto wa kike akicheza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wake. Walisema ya kuwa ameitazama supu kwa mawazo, amemtazama maiti kwa huzuni, na amemtazama mtoto kwa furaha. Kumbe uso ulikuwa ni ule ule, haukubadilika hata kidogo. Supu, jeneza na mtoto ndivyo vilivyouchora upya machoni pa watazamaji.

Mambo haya hayakuachwa katika darasa la Kuleshov. Hebu fikiri juu ya picha ya mfanyakazi aliyefumbua kinywa akipiga kelele katika mgomo. Mwunganishaji akiifuatisha na picha ya dirisha lililovunjwa, mtazamaji husema, mtu huyu ni mhuni. Akiifuatisha na picha ya bahasha ya mshahara isiyo na kitu, mtazamaji yule yule husema, mtu huyu ameonewa. Uso ni mmoja na kelele ni moja. Kilichobadilika ni kipande kilichofuata, na aliyekichagua hakuonekana wala hakusema.

NGAZI ZA ODESSA

Aliyeishika elimu hii ya kuunganisha akaifikisha mbali alikuwa Sergei Eisenstein. Mwaka 1925 alitengeneza filamu ya Manowari Potemkin, kuadhimisha miaka 20 tangu maasi ya mabaharia wa Kirusi ya mwaka 1905. Filamu haina sauti ya mtu, ila maneno machache yaliyoandikwa, na bado inasimulia hata kwa asiyejua kusoma.

Mwanzo wa ugomvi ni nyama. Mabaharia wanaletewa nyama iliyooza. Daktari wa meli anaitwa aikague. Anaivua miwani yake, anaikunja, na kuitazama nyama kupitia kioo chake. Kamera inasogea, nasi twaona mabuu wakitambaa. Daktari asema nyama ni safi. Baadaye, maasi yanapolipuka na daktari akatupwa baharini, kamera inatuonyesha ile miwani tu, imenasa katika kamba za meli, inaning'inia. Hapana haja ya hotuba. Miwani ile yatuambia kwamba mwenyewe hayupo tena, na yatukumbusha kwamba alikuwa nayo machoni lakini alikataa kuona. Kitu kidogo kinachoshikwa mkononi kimebeba maana ambayo mwandishi angeitafutia ukurasa mzima.

Kisha twafika katika ngazi za mji wa Odessa, ambako raia waliokuja kuwaunga mkono mabaharia wanapigwa risasi. Eisenstein aliwagawa watu wa picha hiyo kwa namna mbili. Wananchi wana nyuso: mama, mzee, mwanafunzi, mtoto. Askari karibu hawana nyuso; twaona viatu vikishuka kwa hatua moja, bunduki zimenyoshwa kwa mstari mmoja, na vivuli vyao vimeanguka juu ya ngazi. Umati unakimbia kuteremka, na mama mmoja, amembeba mwanawe aliyepigwa, anapanda peke yake kuwakabili. Kigari cha mtoto mchanga kinaachiliwa na kuporomoka ngazi kwa ngazi. Mteremko huo, ambao mtu angeukimbia kwa muda mfupi tu, umenyoshwa kwa vipande vingi mpaka mtazamaji aona kana kwamba ngazi hazina mwisho. Hofu ya kweli ndivyo inavyopimwa na moyo, wala haipimwi kwa saa. Mwishoni, meli inapojibu kwa mizinga, vinapita vipande vitatu vya simba wa mawe: mmoja amelala, wa pili ameinua kichwa, wa tatu amesimama. Simba hao ni sanamu tatu mbali mbali zisizoweza kusogea. Zilipounganishwa, jiwe likaamka.

Wakaguzi wa filamu wa Uingereza waliuona uwezo huo, nao waliizuia filamu hii isionyeshwe kwa watu wote tangu mwaka 1926 mpaka mwaka 1954. Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Ni kweli kwamba watu waliuawa Odessa mwaka 1905. Lakini mauaji ya ngazini, kwa jinsi yalivyopangwa katika filamu, ni kazi ya msanii, na watu wengi duniani wameyashika kana kwamba ni kumbukumbu ya tukio lenyewe. Ikiwa picha inaweza kufanya hivyo kwa ajili ya wanaodhulumiwa, yaweza kufanya hivyo hivyo kwa ajili ya wanaodhulumu. Hata filamu tunayoipenda yatupasa tuipime.

WALIOSEMA HATUTAELEWA

Sasa tuje katika jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Katika miaka ile ile ambayo Waingereza waliogopa nguvu ya picha zilizounganishwa, baadhi ya wakuu wao katika makoloni walihubiri ya kuwa Mwafrika hana uwezo wa kuzifahamu.

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za mafundisho, nao uliendelea mpaka mwaka 1937. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na fedha zake zilitoka zaidi katika shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu kama 35 hivi juu ya mambo ya akiba ya posta, kodi, safura, kilimo na mengineyo, wakachezamo wenyeji, na maneno yakatiwa katika santuri kwa lugha za watu. Filamu hizo zilichukuliwa kwa lori zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine jirani. Katika mafundisho yale hatukatai kwamba palikuwa na yenye faida. Lakini swali la nani aeleze, na nani aelezwe, lilikwisha kujibiwa kabla ya kamera kufunguliwa.

Baada yake alivuma William Sellers, aliyewahi kuwa mtumishi wa afya huko Nigeria, kisha akaongoza idara ya filamu za makoloni iliyoundwa mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1955. Sellers alifundisha ya kuwa filamu za Waafrika ziende polepole, kamera isihamehame, hadithi isiruke kutoka mahali hata mahali, na ujanja wowote wa picha uepukwe. Ikapendwa sana ngano ya watu wa kijijini walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa akawa mkubwa kama mtu, wakasema kwamba hawana hofu, maana kwao hakuna mbu wa kimo hicho. Ngano hiyo ilirudiwa kama ushahidi wa upungufu wa akili. Hakuna aliyefikiri kwamba huenda wanakijiji walikuwa wanamfanyia mzaha mgeni wao.

Kila mtu anayekutana na sinema kwa mara ya kwanza hana budi kujifunza kuisoma, na watu wa Ulaya nao walijifunza polepole kwa miaka mingi. Kujifunza si ujinga. Na ushahidi wa pwani yetu ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuuona. Katika mji wa Unguja jumba la sinema la Royal lilikuwa limekwisha kufunguliwa tangu mwaka 1921, yaani miaka 14 kabla ya kamera za Vugiri. Baadaye watu wa Unguja, Dar es Salaam na Tanga walijazana kutazama filamu za Kihindi zilizodumu saa tatu hivi, zenye miruko ya miaka, ndoto ndani ya hadithi, na nyuso zilizolijaza pazia, na wengi wao hawakujua neno la Kihindi. Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ilipendwa mno.

Mother India ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957, ni mfano mzuri zaidi kwa mkulima. Filamu yaanza kwa uso wa mama mzee, Radha, aliyechezwa na Nargis, akiliinua donge la udongo karibu na uso wake. Kisha twarudishwa nyuma katika ujana wake: mkopeshaji wa riba anachukua mavuno, mume anapondwa mikono na jiwe, na Radha anajitia mwenyewe katika plau na kuivuta mahali pa ng'ombe. Nani alihitaji tafsiri hapo? Bega, kamba na tope vilisema. Ikiwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo alitoka katika jumba la sinema akifuta machozi, basi yule aliyeandika kwamba Mwafrika haelewi picha za kurukaruka alikuwa anaandika habari za woga wake mwenyewe.

NISHANI CHINI YA KIATU

Jibu kamili, hata hivyo, lilitoka kwa mfanyakazi. Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, nchini Senegal. Alifanya kazi bandarini Marseille, akawa mtu wa mbele katika chama cha wafanyakazi, akaandika vitabu kwa Kifaransa. Akaona ya kuwa wale aliokuwa akiwaandikia hawawezi kuvisoma. Basi, naye anakaribia umri wa miaka 40, akaenda Moscow kujifunza sinema, katika mji ule ule wa Kuleshov na Eisenstein. Sinema aliiita shule ya jioni.

Filamu yake ya Borom Sarret, ya mwaka 1963, ni ya dakika 20 tu. Yasimulia siku moja ya mtu wa Dakar mwenye gari la farasi. Anachukua abiria maskini kama yeye, wengine hawalipi. Mteja mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke mtaa wa matajiri, ambako magari kama lake ni marufuku. Polisi anamsimamisha. Wakati wa kutoa karatasi zake, nishani ya mwenye gari yaanguka chini, na polisi anaikanyaga. Kamera imeshuka mpaka chini, karibu na lami, nasi twakiona kiatu juu ya nishani. Polisi huyo ni Mwafrika, na nchi imekwisha kupata uhuru. Sembène hakutoa hotuba juu ya wanaokalia viti vya mkoloni na kuwasahau wenzao. Alikishusha chombo chake mpaka kimo cha aliyekanyagwa.

Mwaka 1966 alitoa La Noire de..., kisa cha Diouana, msichana wa Dakar, aliyechezwa na Mbissine Thérèse Diop, anayechukuliwa na mabwana zake mpaka Antibes, Ufaransa. Aliambiwa atalea watoto. Akafanywa mpishi, mfuaji na mfagiaji, akafungiwa ndani ya nyumba. Alikuwa amewapa mabwana zake zawadi ya kinyago. Dakar kinyago kile kilikuwa kimoja katika vitu vingi. Ufaransa kimetundikwa peke yake juu ya ukuta mweupe, na kila tukiona kinyago ukutani twamwona Diouana. Upweke unamshinda, anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Bwana anarudi Dakar kukirudisha kinyago na kutoa fedha, ambazo mama wa marehemu anazikataa. Mtoto mdogo anakivaa kinyago usoni, anamfuata bwana yule nyuma nyuma njiani, na bwana anaharakisha, akigeuka kutazama nyuma. Mtoto hasemi neno. Waliosema hatuelewi lugha ya picha walijibiwa kwa lugha hiyo hiyo.

MASWALI MATATU

Twasema haya yote kwa sababu kazi ya Sembène haijamalizika, na ya Sellers nayo ina warithi wake. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, na wengi ni waunganishaji. Kipande cha nusu dakika chamwonyesha dereva akimsukuma abiria, na kufika jioni nchi nzima imekwisha kumhukumu, kumbe dakika iliyotangulia imekatwa. Katika vibanda vya video, msimuliaji hutia Kiswahili juu ya filamu ya kigeni na kuigeuza kwa maneno yake. Twapenda ufundi wake, lakini tujue ya kuwa naye ameshona kipande chake.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu waende na maswali matatu kila watazamapo. Kamera imesimama wapi, upande wa nani? Ni kitu gani kimeachwa nje ya picha, kama ile kazi iliyobaki nyuma ya lango la Lyon? Na kipande hiki kimeunganishwa na kipande gani, na kama kingeunganishwa na kingine ningesema nini? Maswali haya hayahitaji cheti. Yanaweza kuulizwa na kuli, na mama lishe, na mwanafunzi wa darasa la tano.

Kwa vijana wanaotengeneza filamu zetu tuna neno moja zaidi. Mara nyingi twaona filamu ambazo watu wamekaa katika makochi ya sebule wakielezana kwa maneno yale ambayo tungeyaona wenyewe. Atokeni sebuleni. Nendeni bandarini, shambani, kiwandani, na safari hii lango likifunguliwa, ingieni ndani na kamera. Tafuteni miwani yenu, nishani yenu na kinyago chenu katika vitu ambavyo watu wetu wanavishika kila siku. Ndimi zetu ni nyingi, na wasiosoma wangali wapo. Lakini bega linalovuta plau hufahamika Kigoma kama linavyofahamika Pemba.